Kwa nini chai ya saa kumi angani huja na sandwichi baridi

Abiria anayeondoka Dar es Salaam saa kumi alasiri kwenda Nairobi, akiwa amekaa viti vya mbele alivyovilipia bei ya juu, mara nyingi huletewa sahani ndogo: sandwichi mbili tatu nyembamba, kipande cha keki, pengine vipande vya tunda, na kikombe cha chai. Hapo lawama huanza. Pesa yote ile, naletewa mkate? Lawama hii nimeisikia kwa ndugu, kwa wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo, na kwa maofisa wanaokwenda vikaoni. Naielewa, lakini inamwangukia asiyehusika. Sahani ile haikupangwa na mtu mchoyo. Imepangwa na saa, na baridi, na umbali uliopo kati ya jiko na kiti cha abiria. Anayeyaelewa mambo hayo huona pia jambo ninaloliamini kwa dhati, kwamba meza ya chai ya Pwani ingeweza kuzishinda sandwichi zile, ingawa si kwa kila kitafunwa.

Tuanze na dakika, maana ndizo zinazotawala kila kitu.

Dar hadi Nairobi kwa anga ni kama kilomita 670. Ratiba huandika saa moja na dakika ishirini au zaidi kidogo, lakini muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya huku hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule. Toa muda wa kutambaa ardhini kuelekea njia ya kurukia. Toa dakika za kupaa, ambazo wahudumu nao wamefunga mikanda kama abiria. Toa dakika ishirini na tano hivi za mwisho, ndege inaposhuka, kwa sababu kabla ya kukaribia ardhi ni lazima vyombo viwe vimekusanywa, meza zimekunjwa na toroli zimefungiwa mahali pake. Kinachobaki ni kama nusu saa. Wakati wa masika, mawingu mazito yakiwa njiani na rubani akawasha taa ya mikanda, hata hiyo nusu saa hupunguzwa.

Sasa weka watu ndani ya nusu saa hiyo. Airbus A220-300 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza ilifika nchini Desemba 2018 na kulifanya shirika hilo kuwa la kwanza Afrika kuwa na ndege za aina hiyo, zina viti 12 vya daraja la biashara na 120 vya daraja la kawaida. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi duniani ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo ndege kama hiyo inahitaji wahudumu watatu kwa uchache, na wengi wao wana kazi kule nyuma. Viti vya mbele vikijaa, kila abiria ana dakika mbili na nusu za nusu saa ile: kitambaa cha mikono, kinywaji, sahani, chai, kuongezewa chai, kuondolewa vyombo. Mlo wa moto uliotoka kwenye baridi huhitaji kama dakika ishirini ndani ya oveni kabla haujafaa kupelekwa kwa mtu. Inawezekana kuubana humo, na yapo mashirika yanayoubana, lakini abiria hula akiangaliwa saa.

Ndiyo maana safari ya Johannesburg, ya saa tatu na nusu hivi, huwa na sahani ya moto bila mjadala, na safari ya Unguja, ambayo ndege iko hewani kama dakika ishirini tu, haina meza ya kuzungumzia. Nairobi, Entebbe, Mwanza na Kilimanjaro ziko katikati, na hapo katikati ndipo utata wote ulipo.

Kuna saa nyingine tena, ile ya ukutani. Mashirika hugawa siku kwa vipande, na mlo hufuata saa ya ndege kuondoka kwa majira ya mahali inapoondokea. Ndege ya asubuhi hupewa kifungua kinywa, ya adhuhuri chakula cha mchana, ya jioni chakula cha usiku. Kati ya mchana na usiku kuna pengo la saa chache ambalo kwa kawaida huanzia karibu saa tisa alasiri. Kipande hicho ndicho cha chai. Watu wawili wanaweza kununua tiketi ya bei moja, njia moja, siku moja, mmoja akala wali na kuku na mwingine akala sandwichi, kwa sababu tu wa kwanza aliondoka mapema. Wa pili hakudhulumiwa. Ameangukia kipande kingine cha siku, na ni haki yake kujua hivyo kabla hajalipa.

Kipande hicho cha chai kina historia. Nchini Uingereza, desturi ya chai ya alasiri huhusishwa na Anna, mke wa Duke wa Bedford, kabaila mkubwa wa Kiingereza, katika miaka ya 1840. Chakula cha mchana kililiwa mapema na cha usiku kilisogea hadi saa mbili au tatu, na katikati mama huyo akawa anaagiza chai, mkate na siagi chumbani kwake. Rafiki zake wakaiga, kisha tabaka lote, kisha mahoteli. Njaa ya saa kumi haikuzaliwa Bedford, bila shaka. Upanga, Ilala na Magomeni wanaijua vizuri, na chupa ya chai mezani na sahani ya vitafunwa iliyofunikwa kawa ni ushahidi tosha. Lakini mashirika ya ndege yaliichukua sura ya Kiingereza, na British Airways hadi leo huiandaa kwenye safari zake fupi za Ulaya kwa abiria wa Club Europe, yaani daraja lake la biashara: sandwichi ndogo za tango au mayai, skonzi za Kiingereza, jamu na malai mazito.

Inafaa kujua kwamba kwenye safari hizo za Ulaya kiti cha mbele ni kilekile cha nyuma, isipokuwa cha katikati kimeachwa wazi. Mwaka 2017 shirika hilohilo lilianza kuuza chakula kwa abiria wa daraja la kawaida kwenye safari fupi badala ya kukitoa bure. Kuanzia hapo sahani ikabeba uzito mkubwa: pamoja na chumba cha mapumziko uwanjani na kiti kitupu ubavuni, ndiyo inayomwonyesha abiria alicholipia. Nasi huku, viti vya mbele vikiwa vipana kweli, tumerithi mantiki ileile. Sahani lazima ionekane ya heshima, na lazima iwe tayari kwa dakika mbili na nusu.

Chai ya Kiingereza inatimiza masharti hayo mawili kwa urahisi wa kushangaza. Kila kitu ni baridi. Kila kitu hupangwa ardhini, kwenye trei itakayofika kwa abiria, na mhudumu kazi yake ni kuondoa kifuniko na kumimina chai. Skonzi ikipashwa moto ni vizuri. Isipopashwa, hakuna aliyedhurika. Hiyo ndiyo siri yake nzima, na ni siri ya jikoni kuliko ya ufalme.

Jiko lenyewe haliko ndani ya ndege. Kile tunachokiona nyuma ya pazia ni kabati, oveni na birika za umeme. Chakula hupikwa ardhini saa nyingi kabla, hupozwa haraka kwa mitambo, hupangwa kwenye trei ndani ya vyumba vya baridi, husukumwa kwenye toroli, kisha gari lenye sanduku linaloinuka hukipandisha hadi mlango wa ndege. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba chakula kinachoharibika kikae chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, kwa kuwa kati ya hapo vijidudu huzaliana kwa kasi. Fikiria maegesho ya ndege pale Julius Nyerere mwezi Februari, saa nane mchana, nyuzi 32, lami ikirudisha joto. Toroli ikichelewa mlangoni, barafu kavu, yaani hewa ya kaboni iliyogandishwa, ndiyo inayolinda malai na mayonezi. Ndege ikicheleweshwa kwa muda mrefu, mtu mwenye dhamana huamua kama trei zote zitupwe. Chakula hicho hutupwa kweli, na sioni kosa lolote katika kukitupa.

Sababu ya ukali huu ina tarehe. Februari 1975, ndege ya Japan Airlines iliyotoka Tokyo kwenda Paris kupitia Anchorage ilishusha abiria wagonjwa Copenhagen: watu 197 walipata sumu ya chakula. Mpishi mmoja kule Anchorage alikuwa na vidonda vyenye maambukizi vidoleni, akashika nyama iliyowekwa kwenye mayai ya kifungua kinywa, na mlo ukakaa saa nyingi bila baridi ya kutosha. Marubani walisalimika kwa kuwa hawakuula mlo ule. Tangu hapo tahadhari ya rubani na msaidizi wake kula milo tofauti ilizidi kutiliwa mkazo, na majiko ya ndege yakawa na kumbukumbu za vipimo vya joto kwa kila hatua.

Kuna jambo jingine ambalo abiria wa Dar halioni kabisa. Kwenye safari fupi, mashirika mengi hupakia mlo wa kwenda na wa kurudi kwa pamoja kwenye kituo chao kikuu. Toroli mbili hupanda. Moja hufunguliwa wakati wa kuja, nyingine husubiri imefungwa kwa ajili ya kurudi. Hesabu yake ni rahisi: mkataba mmoja wa jiko, ukaguzi mmoja, hakuna kusubiri gari jingine ndege ikiwa imesimama dakika arobaini tu. Matokeo yake ni kwamba sandwichi unayoila ukitoka Dar inaweza kuwa imekatwa asubuhi katika mji unaokwenda. Ukingo wa mkate umeanza kukauka si kwa sababu mpishi ni mzembe, bali kwa sababu umesafiri safari moja zaidi yako. Nadhani hapa ndipo Dar inapopoteza zaidi. Tuna jengo la tatu la abiria lililofunguliwa Agosti 2019, lenye uwezo wa kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka, lakini ladha ya mji huu mara nyingi haipandi ngazi pamoja na abiria wake.

Halafu ulimi nao hubadilika. Hewa ndani ya ndege huwekwa kwenye shinikizo linalolingana na mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani ni kama kumtoa mtu Kariakoo na kumweka Njombe mjini kwa dakika ishirini. Unyevu wa hewa hushuka, mara nyingi chini ya asilimia 20, na pua iliyokauka hainusi vizuri. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, wakifanya kazi kwa ajili ya shirika la Lufthansa, waliwalisha watu ndani ya chumba kilichotengenezwa kama ndege na kuona kwamba chumvi huhisiwa pungufu kwa asilimia 20 hadi 30, na sukari kwa asilimia 15 hadi 20. Kelele za injini nazo huchangia: utafiti wa chuo kikuu cha Cornell uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kelele za kiasi cha zile za ndege hufifisha utamu wa sukari na kukuza ule utamu wa supu nzito na nyanya. Ndiyo maana sharubati ya nyanya, ambayo wengi hawaigusi wakiwa nyumbani, hupendwa angani.

Sasa weka matango membamba, siagi na mkate mweupe mbele ya ulimi kama huo. Ladha yenyewe ilikuwa ya upole tangu ardhini. Juu huko inabaki kumbukumbu tu. Lakini viungo vyenye harufu kali, iliki, mchaichai na bizari vikiwemo, hushikilia nguvu yake kuliko chumvi na sukari. Nasoma orodha hiyo na kuona jiko la bibi zetu. Iliki iko kwenye maandazi, kwenye vitumbua, kwenye mkate wa kumimina. Mchaichai uko uani kwa kila mpenda chai. Pwani imejaliwa viungo vilevile ambavyo anga haiviibii ladha, nasi tunapandisha tango.

Lakini mapenzi peke yake hayapiti mlango wa chumba cha baridi. Kila kitafunwa kina tabia yake, na vingine tunavyovipenda zaidi ndivyo vinavyoshindwa.

Sambusa ndiyo ya kwanza kutajwa na ndiyo ya kwanza kuanguka. Raha ya sambusa ni ganda linalovunjika. Ukiipoza, unyevu wa nyama huhamia kwenye ganda. Ukiipasha ndani ya chombo kilichofunikwa, mvuke huikamilisha kazi. Kinachofika kwa abiria ni pembetatu laini yenye mafuta. Bagia na kachori ziko kwenye hali hiyohiyo. Yeyote anayeahidi sambusa nzuri angani kwenye nusu saa ile hajasimama karibu na oveni ya ndege.

Maandazi na mkate wa kumimina vina tatizo jingine, la wanga. Wanga uliopikwa hukakamaa unapokaa, na hukakamaa haraka zaidi kwenye baridi ya jokofu kuliko mezani. Mkate wa kumimina, wa mchele na tui, hutoka kwenye friji mgumu kama kitu kingine kabisa. Ukipashwa hurudi, na harufu ya tui na iliki hurudi nayo, lakini tui haliruhusu mzaha: nje ya baridi huchacha upesi. Kwa hiyo unafaa pale tu kunapokuwa na oveni na dakika kumi za kuupa. Skonzi ya Kiingereza ina udhaifu uleule wa wanga, ila imesamehewa kwa sababu huzikwa chini ya malai. Andazi halijawahi kupewa msamaha huo, na lingestahili. Liwe dogo, lipashwe kidogo, liwekewe kibakuli cha mbaazi za nazi au malai yenye iliki.

Katlesi, kwangu mimi, ndiyo mshindi. Viazi vilivyopondwa na nyama ya kusaga, ndimu, pilipili manga na kitunguu, vikazungushiwa yai: haitegemei ganda kavu, haikauki kwa sababu viazi hushika maji, huvumilia kupozwa na kupashwa, na hata ikiliwa ya uvuguvugu bado ni katlesi. Viungo vyake ni vya sauti ya juu. Hulika kwa uma au kwa vidole bila kuchafua shati la mkutano. Kando yake weka chatine ya embe au ya ukwaju, maana uchachu nao hauathiriwi sana na anga.

Kisha kuna kundi ambalo halihitaji hata jokofu. Kashata za nazi au karanga, visheti vilivyovikwa sukari, ubuyu. Maji yake ni machache na sukari ni nyingi, na vijidudu havistawi humo. Havina haja ya barafu kavu wala kutupwa ndege ikichelewa. Tatizo la sukari kufifia angani kwao si kubwa. Kashata ina utamu wa kutosha kupoteza sehemu ya tano na bado ikatosha. Na ina mwenzake wa asili, kahawa chungu, ambayo uchungu wake unabaki ulivyo.

Nimeiacha chai yenyewe hadi sasa kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Kwenye mwinuko ule wa ndani ya ndege, maji huchemka kwenye nyuzi 92 hadi 94 badala ya 100. Birika la ndege haliwezi kuvuka hapo hata likiachwa saa nzima. Majani makubwa ya chai hayafunguki sawasawa kwa joto hilo, na mhudumu hana dakika tano za kusubiri. Chai inayopatikana ni nyepesi, na abiria huilaumu kampuni. Lakini chai nyingi ya Tanzania, ya Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara, husindikwa kwa mashine zinazoyaponda, kuyachana na kuyakunja majani kuwa punje ndogo. Wapenzi wa chai ya majani mazima huidharau aina hii kidogo. Angani sifa yake hugeuka kuwa faida kubwa: punje ndogo hutoa rangi na ukali upesi, hata kwa maji yasiyochemka sawasawa. Sehemu kubwa ya chai hii imezoea kuuzwa nje kwa ajili ya kuchanganywa na chai za nchi nyingine, jina lake likipotelea njiani. Kikombe kinachomiminwa juu ya mashamba hayohayo kinastahili kuwa nayo, na pakiti iseme imetoka wapi.

Chai ya maziwa iliyopikwa pamoja na tangawizi ni ngumu zaidi, kwa kuwa ndani ya ndege hakuna sufuria wala moto wa kuchemshia maziwa. Njia zilizopo ni mbili: unga uliokwisha kuchanganywa na maziwa na viungo, ambao huhitaji maji ya moto tu, au chai iliyopikwa ardhini ikapakiwa kwenye vyombo vinavyotunza joto juu ya nyuzi 60. Ya pili ni bora kwa mbali, lakini vyombo hivyo ni vizito na huchukua nafasi. Kwa viti 12 na safari ya saa moja, nadhani inabebeka.

Abiria aliyefunga ana hesabu yake. Mwezi wa Ramadhani ndege ya saa kumi na moja na nusu inaweza kumkuta angani jua likizama, na juu huko jua huonekana kwa dakika kadhaa zaidi kuliko chini, kwa hiyo hufuata jua analoliona dirishani na si saa ya Dar. Mashirika yanayojali humpa kisanduku cha tende, maji na kitafunwa ambacho anaweza kukishika hadi muda ufike. Kuhusu nyama, jiko la Dar huleta utulivu ambao toroli iliyotoka mbali haiuleti, na asiye na uhakika aagize mlo maalumu mapema, kwa kawaida saa 24 kabla ya safari au zaidi. Aulize pia kama njia yake fupi ina huduma hiyo, maana kwenye kipande cha chai baadhi ya mashirika hayana.

Orodha za vyakula vya ndege hazikai milele. Hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, na kabla ya kubadilishwa wapishi wa jiko huwaandalia watu wa shirika sahani za kuonja, wakapima gharama, uzito na uimara wa kila kitu. Maoni ya abiria husomwa kipindi hicho. "Chakula kibaya" haimsaidii mtu yeyote aliyekaa kwenye meza ile. Anayetaka katlesi na chatine ya embe kwenye ndege ya saa kumi aandike hivyohivyo, ataje njia na saa ya kuondoka, na aombe ipakiwe Dar.